Mwalimu wa kijijini: "Mchana nasubiri usiku, usiku nasubiri kukuche"

BARUA

Yaya mshauri, jambo sana.

Nakuandikia kutoka bonde la Luapula, katika kijiji kimoja cha ndani ukiiacha barabara ya Lubumbashi na Kasenga. Kutoka mjini hadi Kasenga ni kama kilomita 200, lakini kuja kwangu unashuka njiani kwenye gari la samaki, unachukua pikipiki, na mvua ikishika hata pikipiki inakataa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 32, mtoto wa Katuba, Lubumbashi. Nilipopata kazi hii nilimshukuru Mungu, maana wengi niliosoma nao wanauza yunite za simu barabarani na diploma zao ziko sandukuni. Mke wangu na mtoto wetu walibaki mjini kwa wazazi wake. Ana meza yake sokoni, na huku nilipewa chumba kimoja tu nyuma ya shule.

Mwaka wa kwanza nilivumilia, wa pili pia. Huu ni wa tatu na sijitambui. Naamka usiku wa manane, hata jogoo wa kwanza bado, na usingizi haurudi. Naangalia nyasi za paa mpaka kukuche, na kukikucha sitaki kutoka kitandani. Zamani nilikuwa naimba na watoto wa darasa la pili, nawachorea wanyama ubaoni. Sasa naandika zoezi, nakaa, nasubiri kengele. Madaftari yao yamerundikana kwangu bila kusahihishwa na nikiyaona naona haya. Kula ni kwa kujilazimisha. Kichwa kinauma, mgongo unauma. Nilienda kituo cha afya, wakanipima malaria, hakuna, wakanipa vidonge vya maumivu.

Watu wa hapa si wabaya. Wananiheshimu kupita kiasi: nikipita wanasimama, "mwalimu, mwalimu", kisha wanaendelea na Kibemba chao ambacho ninashika neno hapa na pale. Nikikaribia wazee wanapoongea, maongezi yanakatika. Hakuna anayekuja kwangu bila shida ya shule. Unga, mafuta, chumvi, sabuni, vyote naleta kutoka mjini au Kasenga siku ya mshahara. Napika mwenyewe, nakula mwenyewe, na mlango nimeufunga ili watoto wasichungulie.

Rezo ya simu inapatikana juu ya kichuguu kikubwa nyuma ya kanisa. Jioni napanda, nampigia mke wangu. Ananiuliza kama niko salama, nami namjibu niko salama. Halafu rezo inakatika tukiwa katikati ya maneno ya pesa, na kila mmoja anabaki na hasira upande wake. Nikishuka natuma kijana aniletee lutuku, ile pombe kali ya kienyeji. Mwanzoni ilikuwa kikombe kimoja cha kutafuta usingizi. Sasa si kimoja tena.

Nilimdokezea mama kidogo tu, akaenda chumba cha maombi. Huko wakamwambia kuna mtu wa kijiji hiki amenifunga, na kwamba hata mwalimu aliyenitangulia aliondoka kwa sababu hiyo hiyo. Mama anataka niache kazi nirudi leo. Nikirudi tutakula nini, na watoto hawa nitamwachia nani?

Yaya, kuna usiku nimeomba nisiamke. Sijamwambia mtu. Mimi ni mwanaume, tena mwalimu, nitamlilia nani huku? Niambie: nimelogwa, ni uvivu, au nirudi mjini?

Mwalimu wa Luapula

JIBU

Mdogo wangu mwalimu,

Naanza na yale uliyoyaweka mwisho. Umeomba usiamke. Nakuuliza waziwazi, kwa sababu kumuuliza mtu jambo hili hakumwingizii wazo kichwani, kunampa mahali pa kuutua mzigo: je, umechoka tu na unatamani usingizi mrefu, au umeshaanza kufikiria namna ya kujiua? Kama umefikiria namna, hata mara moja, leo usilale peke yako. Nenda kwa mkuu wa shule, kwa muuguzi au kwa jirani unayemwamini, umwambie: "Naogopa usiku wa leo, naomba nilale kwenu." Maneno hayo yanatosha kwa leo. Kitu chochote chumbani kinachoweza kukudhuru, dawa za kupulizia mimea na hiyo lutuku zikiwemo, mpe mtu akuwekee kwake. Kisha gari la kwanza la kwenda Lubumbashi lipande ukiwa na mtu wa kukusindikiza. Mjini kuna kituo cha afya ya akili cha mabruda wa Ndugu wa Upendo, kinaitwa Dr. Joseph Guislain. Kwenda pale hakumfanyi mtu kuwa kichaa, kama vile kwenda kwa daktari wa meno hakumng'oi mtu meno yote.

Hata kama jibu lako ni lile la kwanza, uchovu tu, bado ninakuomba umwambie mtu mmoja aliye karibu nawe kabla wiki hii haijaisha. Mimi niko mbali, na barua haiwezi kukushika mkono.

Sasa maswali yako. Uvivu, hapana. Mvivu haoni haya mbele ya madaftari. Usingizi unaokatika, chakula kisichoshuka, viungo vinavyouma bila malaria, kazi uliyoipenda kukosa ladha: mambo hayo yakikaa pamoja karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, wataalamu wanayaita sonona. Ni ugonjwa, na una tiba. Wewe umezivuka hizo wiki 2 zamani.

Kituoni ulienda, lakini muuguzi ulimpa nusu ya habari. Ulimtajia kichwa na mgongo, naye akatafuta malaria, kama ambavyo muuguzi yeyote wa Luapula angefanya. Rudi. Chagua saa ambayo foleni ya akina mama na watoto imekwisha, umwombe mkae faragha, umweleze yote kama ulivyonieleza mimi: usiku wa manane, madaftari, kikombe kisicho kimoja tena, na ile sala ya kutoamka. Mwombe akuangalie pia damu, maana upungufu wa damu humlegeza mtu mwili na moyo. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani lina mwongozo uliotengenezwa kwa ajili ya wahudumu wa afya wa kawaida, wasio mabingwa wa akili, ili waweze kutibu sonona pale pale walipo. Huenda muuguzi wako amefundishwa, huenda bado. Kama bado, mwombe barua ya kukupeleka hospitali kuu ya zoni yenu ya afya. Ukiandikiwa dawa, ujue haifanyi kazi kesho yake. Huchukua wiki kadhaa mtu aanze kuona nafuu, na haiachwi ghafla kwa sababu umejisikia vizuri Jumapili moja.

Kuhusu lutuku nataka tukae kidogo. Pombe humlaza mtu haraka, hilo ni kweli, na ndiyo sababu uliikimbilia. Lakini saa chache baadaye, inapoanza kutoka mwilini, ubongo unashtuka na usingizi unakatika. Huko kuamka kabla ya jogoo kunasababishwa na ugonjwa, na pia na kikombe unachotuma kijana akuletee. Kila unapoongeza ili ulale, unazidi kuukata usiku wako. Tena lutuku inapikwa bila kipimo, hujui nguvu ya chupa ya leo ikilinganishwa na ya jana, na ikichanganywa na dawa za sonona ni hatari. Ila usije ukasoma hapa ukaimwaga yote usiku huu. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuweweseka, hata kuanguka kifafa. Mwambie muuguzi unakunywa kiasi gani, kwa ukweli, akupangie namna ya kupunguza. Na huyo kijana usimtume tena. Anajifunza kwako hata jioni.

Kulogwa. Mama yako anahangaika kwa kukupenda, na sitasimama kati yenu. Ukitaka kuombewa, ombewa. Ila shika mambo mawili: asiyekuruhusu kunywa dawa usimsikilize, na mtu akitaka kukuonyesha jirani "aliyekufunga", ziba masikio. Unajua nchini mwetu wazee na wajane wanafanyiwa nini wakishatajwa. Ukikubali jina moja tu, utalala katika kijiji ambacho kila mlango unauogopa, na hao ndio watu unaowahitaji.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa nikitafuta kitu kimoja, sikukiona. Katika miaka yote hiyo, hakuna mahali unaniambia uliwahi kuwaomba watu wa kijiji kitu chochote. Chumvi ya mjini, unga wa mjini, sabuni ya Kasenga, mlango umefungwa. Nakuelewa, kwa mtoto wa mjini kujitegemea ni heshima, na pengine hukutaka kuwa mzigo kwa watu wasio na kitu. Lakini kijijini watu wanafahamiana kwa kudaiana. Huyu amenisaidia kuezeka, yule ana jembe langu, mama fulani alimwangalia mtoto wangu nikiwa mtoni. Mtu asiyedaiwa wala kudai hana sababu ya kutembelewa. Wanaposimama ukipita, wanamheshimu mgeni. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwako wameogopa kukupa jembe kwa sababu umeshika chaki. Basi liombe mwenyewe.

Namaanisha jembe la kweli. Nenda kwa chifu, peleka salamu zako, omba kipande kidogo cha shamba kando ya mtu mwingine anayelima. Mwambie hujui kulima mihogo ya huku na unataka kufundishwa. Mwalimu anayekubali kufundishwa na mama asiyejua kusoma atajadiliwa kijiji kizima kwa wema. Mwombe huyo mama, au mzee mmoja, akusahihishe Kibemba chako kila mnapokutana, kuanzia salamu za asubuhi, na ukikosea waache wacheke, ucheke nao. Mvua za kwanza zikianguka na bowa, yaani uyoga, ukaanza kuota kwenye vichuguu, omba kwenda nao kuokota, maana wewe hujui ule unaolika na ule unaoua, wao wanajua. Na badala ya kupika chungu chako cha peke yako kila jioni, chukua unga wako uende nao kwa jirani: "Leo naomba tupike pamoja." Bukari iliyopikwa kwenye chungu kimoja, mboga ya matamba, samaki akiwepo, na kikombe cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, badala ya lutuku. Usisubiri kwanza hamu ije. Ugonjwa huu unaiba hamu, na kinachoirudisha polepole ni kutenda vitu vidogo kabla hujavitamani.

Nakuonya juu ya jambo moja ambalo sisi tuliosoma tunalikimbilia. Utataka haraka kuwalipa: kuwaandikia barua, kuwafundisha watu wazima kusoma, kuwasaidia kutuma pesa kwa simu. Ni mazuri yote, yatakuja. Lakini ukianza nayo utakuwa umerudi kwenye kiti chako cha mwalimu, unayetoa tu. Msimu huu wa kwanza, pokea.

Kati ya watu hao, mtafute mmoja wa kumweleza yaliyo moyoni. Anaweza kuwa mhamasishaji wa afya wa kijiji, katekista, mama kiongozi wa kanisa, au mzee yeyote. Namna ya kumjua ni kumsikiliza anavyozungumza juu ya wengine: asiyekuletea siri za jirani, na zako hatazipeleka. Usifikiri maongezi na mtu wa kawaida ni dawa ya maskini waliokosa daktari. Nchini Zimbabwe, tangu 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda amekuwa akiwafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza wenye huzuni, wakichagua pamoja shida moja na kuitafutia hatua moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walibaki na dalili za sonona chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Na hapa hapa Kongo, katika vijiji vya mashariki, wanawake waliokuwa wamepitia ukatili mzito walikutana kwa vikundi vilivyoongozwa na wasaidizi wa kijamii wa kwao, watu waliopewa mafunzo bila kuwa madaktari. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013, nayo yalionyesha nafuu kubwa, iliyoendelea hata miezi baada ya vikundi kumaliza. Kama hao waliweza kutapika yaliyowajaa mbele ya wanakijiji wenzao, mwanaume mwalimu naye anaweza.

Siku ya mshahara pia usiitumie kwa kukimbia dukani na kurudi. Walimu wa vijiji vingine wanakuwepo Kasenga siku hiyo, na nina hakika zaidi ya mmoja kati yao anaamka usiku wa manane kama wewe. Anzisheni likelemba ya walimu wachache, mchango wa kupeana kwa zamu, pesa kidogo tu. Faida yake kubwa kwako ni kwamba likelemba inamdai mtu afike, na asipofika wenzake watauliza yuko wapi. Hivi sasa ukikosekana, nani anauliza?

Kwa mke wako, acha kusema "salama". Anasikia sauti yako, anajua kuna kitu, na pengine anadhani ni mwanamke mwingine. Mwambie hivi: naumwa, ugonjwa wenyewe ni wa huzuni, nimeanza kutafuta matibabu. Maneno ya pesa yatengenezeeni siku yake, yasiingie katika kila simu. Kwa kuwa rezo inakatika, rekodi ujumbe wa sauti ukiwa chumbani umetulia, upeleke ukipanda kichuguu, naye akujibu hivyo hivyo. Mtoto aongee humo pia. Likizo ya Pasaka au ile kubwa waje wakae nawe hata siku chache, chumba kimoja kinatosha familia inayokumbukana. Nao wakiwa hapo, watu watakufahamu kwa njia nyingine, maana mwanaume mwenye mtoto anayecheza uwanjani si mgeni kama yule aliye peke yake.

Je, urudi mjini? Uamuzi huo usiufanye usiku, wala ukiwa na kikombe, wala kwa sababu chumba cha maombi kimesema. Daktari akikuambia urudi kwa matibabu, rudi mara moja, kazi itajadiliwa baadaye, na omba cheti chake ili nafasi yako isipotee bure. Kama hakusema hivyo, jitibu, maliza mwaka wa shule, halafu mwezi wa saba mkae wewe na mkeo mkiwa na usingizi vichwani, mwamue. Kuomba kuhamishwa si aibu. Kumweka kijana mmoja peke yake mwisho wa barabara bila mtu wa kumtembelea ni kosa letu sote, na linanikera sana.

Kwa hiyo naongeza neno kwa wengine mnaosoma. Kama kijijini kwenu kuna mwalimu, muuguzi au askari aliyeletwa kutoka mbali, na mlango wake unafungwa mapema kila jioni, mbisheni hodi leo. Msisubiri awe na shida ya shule au ya dawa. Mpelekeeni mboga, mwombeni chumvi.

Mwalimu, niandikie ukishatoka kituoni. Nataka kujua muuguzi alisema nini na kama dawa zilikuwepo. Kama hazikuwepo, taja zoni yenu ya afya nikusaidie kuuliza zinapatikana wapi kabla mvua hazijafunga njia.

Yaya mshauri wako